Gari la Mikate na Mguu wa Taratibu

Mwanangu ana masikio mawili kama binadamu wengine, ila la kulia lilikuja na ziada. Alipokuwa bado anatambaa aliweza kukaa kule uani akasikia maziwa yanakaribia kufurika jikoni, akaangua kilio, nami nikakimbilia sufuria. Alipokua akanisimamisha siku moja natoka kuoga, akaniambia, "Mama, goti lako la kushoto linataka grisi." Kuku wa jirani naye alimwekea sikio ubavuni akasema yai limelala upande, kutaga kutakuwa na kazi. Hilo la kuku nimelitia chumvi. La goti ni kweli tupu, anayebisha aje alisikilize.

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu, na dirisha la jikoni linatazama humo humo, kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona huku namenya vitunguu, na kama kuna mahali nilitokwa na machozi msidhani ni vitunguu peke yake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mteja akifika, mwanangu hamuulizi gari lina nini. Anafuta mikono kwa kitambaa, anasimama mbele yake, anasema, "Niigizie." Basi mtu mzima na heshima zake, tai shingoni, anafumba macho na kuutoa mlio wa gari lake kwa mdomo. Nimewaona wengi. Alikuja mwalimu mkuu akalia kama mbuzi aliyekabwa, akaambiwa mkanda wa feni umelegea. Alikuja mkunga akasaga meno kwa juhudi hadi yale ya bandia yakamtoka yakaangukia kwenye beseni la oili chafu, akaambiwa breki zimekwisha, chuma kinasaga chuma, asiende popote. Meno tuliyaosha kwa petroli. Tangu siku hiyo mkunga akicheka karibu na jiko, watu wanasogea mbali.

Zamani, mteja akishamaliza kuigiza, mwanangu aliomba ufunguo, akaliendesha gari mwenyewe hadi mwisho wa barabara na kurudi, ndipo anasema neno. Lakini jina likakua. Watu wakaanza kuja gerejini hata wasio na baiskeli. Walikaa kwenye benchi refu pale ukutani kutazama wakubwa wakibweka na kukoroma, na fundi akitaja ugonjwa hata kabla bonati haijafunguliwa. Walipiga makofi. Mwanangu akazoea makofi. Polepole ufunguo ukawa hauombwi tena.

Sasa niwaeleze kuhusu Taratibu. Huyu alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mwembamba, mpole, sauti yake hata ukimwekea kipaza bado utasema, "Eti?" Aliitwa Taratibu kwa sababu ya mguu wake. Nzi akitua juu ya mkate kule kwenye tanuri, Taratibu alimfikisha dukani bado amelala. Miaka yote aliyoendesha lile gari hakuwahi kufikisha mkate uliobonyea, na hilo ndilo lilikuwa fahari yake. Wengine wana nyumba, wengine wana vyeo, yeye alikuwa na mikate isiyobonyea.

Mwenye gari alikuwa Mama Mikate, mjane mwenye tanuri kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Kwa kawaida hapandi gari lile, maana mahali pake panatosha kreti za mikate na yeye anajua. Lakini siku moja alitaka kuwaona wenye maduka, akaketi mbele pembeni ya Taratibu, na njiani akasikia chuma kinasaga. Wakaja moja kwa moja gerejini. Benchi limejaa, mimi niko dirishani.

"Niigizie," akasema mwanangu.

Taratibu alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, kofia mkononi. Akasema kwa ile sauti yake, "Fundi, inalia zaidi nikikata kulia. Nikikata kushoto inanyamaza."

"Wewe ngoja," akasema Mama Mikate. "Niliyesikia ni mimi, acha niigize mimi. Fundi, tega sikio." Akajaza mashavu pumzi, akaachia: "Krrrrr-krrr-kaka." Na alivyokuwa akiunguruma, mkono wake ulikuwa unachapa hewa mbele na nyuma, kama mtu anayeingiza gia. Alikuwa amemwona Taratibu akifanya hivyo njiani kila mlio ulipokuja, maana Taratibu hakati kona bila kwanza kushusha gia. Kwa hiyo mama yule aliigiza alichosikia pamoja na alichoona, akavichanganya kama unga na maji.

Benchi likacheka. Mwanangu hakuomba ufunguo. Aliutazama ule mkono.

"Hiyo gia inasagwa, Mama," akasema. "Klachi haifiki chini."

"Inasagwa na nani?"

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Lakini benchi zima lilikuwa limeinama mbele linasubiri, naye akaona utani umekaa tayari mdomoni, akautema. "Bwana Taratibu, hata mguu nao unakwenda taratibu?"

Walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka benchini. Mama Mikate alicheka pia, kisha akaacha, nikaona uso wake umeanza kufikiri habari za biashara. Taratibu hakucheka wala hakubisha. Aliinama akautazama mguu wake wa kushoto, kama mtu aliyeambiwa mbwa wake amemuuma jirani.

"Labda," akasema.

Wiki ile haikwisha kabla hajamwaga unga. Mama Mikate hakumfukuza kwa matusi, alimwondoa kwa upole na kumsindikiza hadi getini, akisema gari ndilo roho ya tanuri na hawezi kuliacha lisagwe. Usukani akampa mdogo wake, mwanamume mmoja tunayemwita Usingizi, ambaye hata akisimama kwenye foleni lazima wa nyuma yake amshike. Taratibu akapata kibarua kwenye mashine ya kusaga nafaka, mtaa wa pili kutoka kwetu, kubeba magunia.

Mwanangu aliposikia alisema, "Pole yake." Akaendelea kula. Wakati ule bado alikuwa anakula.

Baadaye ikaja siku ya mvua kubwa. Benchi lilikuwa tupu, paa la gereji linapigwa kama ngoma. Usingizi akaleta gari la mikate. "Fundi, linanguruma," akasema. "Linaniamsha." Alipoambiwa aigize, akapiga miayo. Kwa kuwa hapakuwa na wa kutazama wala wa kupiga makofi, mwanangu akachukua ufunguo akaingia kwenye mvua.

Nilimwona anaondoka, nikamwona anarudi, akaondoka tena. Pale kwenye uwazi mbele ya gereji akaanza kulizungusha gari, likizunguka kulia linanguruma hadi vyombo vyangu kabatini vinajibu, likizunguka kushoto linanyamaza. Alizunguka kulia tena. Nikasema moyoni, huyu ameingiwa na nini?

Aliliingiza ndani, akapiga jeki upande wa kushoto mbele. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino bovu. Kisha akachuchumaa, mkono mmoja akaushika kwenye springi, wa pili ukazungusha gurudumu. Anasema hivyo ndivyo unavyojua bila sikio: beringi ikiwa nzima springi inatulia, ikiwa imekufa unaisikia kwenye vidole inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Alibaki amechuchumaa vile, mkono kwenye springi, muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Usingizi alikuwa amelala kwenye benchi. Uso wa mwanangu ulikuwa umemshuka hadi nikadhani amejipiga spana kidoleni.

Akafungua gurudumu, akatoa beringi ya zamani, akaweka mpya. Ile ya zamani hakuitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Aliizungusha kwenye kitambaa, akaitia mfuko wa koti la kazi.

"Ilikuwa nini?" akauliza Usingizi, akijifuta mate.

"Nimetia grisi tu," akasema mwanangu.

Hilo nililisikia kwa masikio yangu haya ya kawaida, lakini sikujua uzito wake. Siku chache zikapita, akaja Mama Mikate kwa miguu, na mkate wa moto kwenye taulo. Akauweka juu ya bonati mbele ya benchi zima.

"Huu wako, fundi," akasema. "Ulisema kweli. Tangu nimwondoe yule bwana gari limenyamaza kimya. Kumbe kweli ulikuwa mguu. Na mimi nilivyokuwa namhurumia, unajua, nilikuwa nalala naona nimedhulumu mtu. Sasa nalala."

Mwanangu alifungua mdomo. Nawaambieni niliuona unafunguka. Benchi likapiga makofi, na mdomo ukajifunga wenyewe. Akasema, "Asante, Mama." Akauleta mkate ndani akauweka mezani, akasema ameshiba. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni. Mkaza mwanangu aliukata, watoto wakala, mwanangu akageuza kiti akatazama ukuta.

Kuanzia hapo akawa mtu wa ajabu. Duka la vipuri liko ng'ambo ya mashine ya kusaga, mwendo wa kumaliza pipi moja mdomoni. Yeye akaanza kuzunguka kwa kule sokoni, akapita darajani, akarudi na vumbi kama ametoka safari ya ngamia. "Njia ile ina matope," anasema. Matope gani, jua linawaka hadi mijusi inatembea kwa vidole. Mkewe akiwasha mashine ya kusagia viungo, yeye anatoka nje. Mtoto akivuta kiti sakafuni, yeye anashtuka. Mlio wowote wa kusaga ukawa unamtoa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mimi nafaka yangu iliisha, nikaenda mashineni. Aliyenipokea ndoo ni Taratibu, mweupe wa unga hadi kwenye kope, kama mzimu aliyetoka kwa kinyozi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Unaendeleaje na magunia?"

"Magunia hayana gia, Mama, tunaelewana." Akatabasamu kidogo. Tukakaa kwenye ubao tukisubiri zamu yangu, na mashine inanguruma hadi tunasogeleana kama wachumba. "Mama, ukifika nyumbani nisalimie fundi. Mwambie namshukuru. Angenyamaza ningeua gari la watu huku najisifu. Mimi nilikuwa sijui kama mguu umezeeka. Lakini nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

Akanionyesha kwa macho. Mguu wake wa kushoto, pale chini ya ubao, ulikuwa unakandamiza sakafu. Unapanda, unashuka, du. Unapanda, unashuka, du. Kwa nguvu zote, hadi goti linatetemeka.

"Mke wangu ananigombeza," akasema. "Anasema hata mezani meza inaruka. Lakini nataka siku nikipata gari lingine mtu asiseme tena."

Nikarudi na unga wangu. Wakati wa chakula cha mchana nikazifikisha salamu kama zilivyo, na mguu nikauigiza chini ya meza, du, du, maana nilidhani nachekesha. Mwanangu aliacha kutafuna. Tonge lilibaki shavuni. Akainuka akaenda kujilaza kwenye mkeka wa barazani, akafunika uso kwa kofia.

Sikukaa sana nikasikia mlio. Mwanzo nikadhani jirani amenunua mashine ya kuponda kokoto. Nikatoka, hapana. Paka alikuwa ameganda juu ya ukuta, manyoya yamesimama. Mlio ulikuwa unatoka chini ya ile kofia: mwanangu amelala mchana kweupe, na meno yanasagana krrr, krrr, kiasi kwamba kuku walikuwa wanakuja kuangalia kama kuna punje zinamwagika.

Nikamsukuma kwa mguu. Akaketi.

"Mama, vipi?"

"Niigizie," nikamwambia.

"Nini?"

"Kuna kitu kinasaga humo ndani yako. Niigizie kinavyolia."

Alinitazama nikadhani atacheka. Hakucheka. Akashusha macho, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ile sauti ndogo, ya mtu aliyeshika kofia mkononi. "Fundi, inalia zaidi nikikata kulia. Nikikata kushoto inanyamaza."

Aliiga vizuri hata nikageuka kuona kama Taratibu ameingia.

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akafungua kitambaa, akaizungusha ile beringi karibu na sikio langu. Krrr. "Hii ndiyo gia ya Taratibu," akasema. "Ukikata kulia uzito unalalia gurudumu la kushoto, ndiyo maana inalia. Aliniambia ugonjwa wenyewe, Mama. Hakubakiza neno. Na kama ingekaa hivi, tairi lingechomoka siku moja na yeye ndani."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Benchi zima lilikuwepo. Halafu yule mama akaja na mkate."

"Benchi lina miguu minne ya mbao, halina watoto wa kulisha," nikasema. "Mimi nilikuzaa na masikio mawili, sikukuzaa na miwani ya mbao. Hiyo umeivaa mwenyewe, basi ivue mwenyewe."

Nikadhani atalala tena. Lakini aliinuka, akavaa viatu, akashika njia ya mashineni, ile fupi. Mimi nikakumbuka kwamba nimesahau chekeche langu kule. Chekeche lilikuwa jikoni limetundikwa, lakini kumbukumbu za wazee ndivyo zilivyo.

Nilipofika amesimama mbele ya Taratibu, na mashine inanguruma hivi kwamba wanaonana midomo tu. Mwanangu anasema, Taratibu anatega sikio, anatikisa kichwa. Anasema tena kwa kupaza sauti. "Eti?" Watu kwenye foleni wanatazama. Mwenye mashine kwa wema wake akaona hawa wawili wana shida, akaizima, bila kumwonya mtu. Ndiyo maana maneno yaliyofuata yalisikika hadi kwa muuza mkaa.

"NILIKOSEA MIMI, MGUU WAKO MZIMA."

Unga ulikuwa unashuka hewani polepole.

Mwanangu akashusha sauti, lakini hapakuwa na pa kuificha tena. Akatoa beringi, akaeleza yote, na ule uongo wa grisi pia. Taratibu akaipokea, akaizungusha kwa kidole chenye unga. Krrr. Akaizungusha tena.

"Nilisema nikikata kulia," akasema.

"Ulisema."

"Nilidhani sauti yangu haikufika. Nikasema labda hakunisikia, kuna watu wengi." Akamtazama. "Ulinisikia?"

Hapo nilitamani mwanangu aseme hapana. Mama ni mama. Ingekuwa rahisi, na Taratibu angeipokea, alikuwa ameshamwandalia njia.

"Nilikusikia," akasema mwanangu.

Taratibu akatikisa kichwa kidogo, akamrudishia beringi, akajifuta mikono. Hakutukana. Laiti angetukana. Mwanangu ana mgongo mpana wa kubeba matusi, lakini ule ukimya hadi leo hajapata pa kuutua.

Wakaenda wote wawili kwa Mama Mikate, na mimi nyuma nikitafuta chekeche. Mama yule alisikiliza akiwa na unga hadi viwikoni. Aliishika beringi, akasikia mlio wake, na kile kicheko kikubwa sikukiona kabisa.

"Kwa hiyo nilimfukuza mtu kwa mdomo wangu," akasema.

"Kwa mdomo wangu, Mama," akasema mwanangu. "Wako uliigiza tu."

"Na mkate wangu uliula?"

"Sikuweza."

"Afadhali," akasema. Akamgeukia Taratibu akaomba msamaha kwa maneno machache, huku anayasokota mapindo ya aproni yake. Usingizi aliposikia gari linarudi kwa Taratibu hakungoja kuambiwa. Alitoa ufunguo mfukoni kama mtu anayetua mzigo, akarudi kulala kwenye magunia, na nadhani tangu siku hiyo hajaamka.

Taratibu aliupokea ufunguo, lakini hakupanda. Akamwambia mwanangu, "Njoo ukae pembeni. Usikilize."

Nami nilipanda nyuma pamoja na kreti, maana nilikuwa nimechoka kutembea. Gari liliondoka. Mlio wa kusaga haupo, beringi mpya inateleza kama siagi. Taratibu akafika kwenye kona ya kwanza, akashusha gia. Du. Mguu ulikandamiza klachi kwa nguvu zote, hadi sakafu ya gari ikalia, na gari likaruka mbele. Akamtazama mwanangu.

"Safi," akasema mwanangu.

Kona ya pili. Du. Akamtazama.

"Safi. Lakini si lazima ukanyage hivyo. Kanyaga kama zamani."

"Kama zamani vipi?"

Mwanangu akafungua mdomo aeleze, akashindwa. Mguu ule wa zamani hakuna aliyeufundisha, na hakuna aliyejua ulivyokuwa unafanya, hata mwenyewe. Ulikuwa unajiendea. Sasa ulikuwa unajifikiria. Nyuma kule, kreti iliteleza ikagonga ubavu wa gari, nami nikaidaka ya pili kwa goti langu bovu. Tulipofika duka la kwanza, mkate mmoja wa pembeni ulikuwa umebonyea.

Taratibu aliushika kwa mikono miwili, akautazama kama alivyoutazama mguu wake siku ile. Mwenye duka akasema si kitu. Mwanangu akauchukua, akasema huo ni wake.

Gerejini mambo sasa ni mengine. Bado anasema "Niigizie," watu wasije wakanuna, lakini mwenye gari akimaliza kuigiza, mwanangu anamwuliza dereva, kisha anaomba ufunguo na kuondoka nalo, na benchi linabaki linatazama mahali gari lilipokuwa. Wengi wamechoka wakaenda kutazama drafti kwa kinyozi.

Na kila asubuhi gari la mikate likipita mtaani kwetu, mwanangu yuko tayari kwenye kona. Hulisikia kabla sijalisikia mimi, hulisikia tangu lipo kwa muuza mkaa: du. Siku nyingine ni kidogo, siku nyingine ni kubwa. Taratibu anasimama, wanasalimiana vizuri tu, na anampa mikate iliyobonyea, kama ipo. Anakuja nayo mezani. Hawapi watoto, hanipi mimi. Anaila yeye mwenyewe, yote, hadi makombo, na taya lake nalisikia likisaga.